Plagi za hita na dizeli inayogoma asubuhi ya baridi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawalenga hasa wenye Hilux, Land Cruiser, Land Rover, pikapu za Isuzu na matrekta huku Nyanda za Juu Kusini: Njombe, Makete, Mufindi, Mbeya vijijini. Kuanzia Juni hadi Agosti huku kuna asubuhi sakitu (umande ulioganda) inafunika majani, na kila mtaa unasikia stata ikilia bila injini kuwaka. Aliyeko Limuru, Kinangop au Timboroa huko Kenya atakuta shida ni ileile. Ombi langu kwa kila msomaji ni moja: pima kwanza, ndipo ununue spea. Fedha nyingi zinapotea kwa kubadili pampu na nozeli ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Mchana gari linawaka mara moja tu, lakini asubuhi linapiga stata mpaka betri inachoka. Kwa nini?

Injini ya dizeli haina cheche kama ya petroli. Inategemea joto la hewa iliyobanwa. Pistoni ikipanda, hewa inabanwa hadi kuwa ndogo mara 15 na zaidi (injini ya Toyota inayoitwa 2L ni mara 22 na kidogo), inapata moto wa mamia ya nyuzi, kisha dizeli ikipuliziwa humo inawaka yenyewe. Asubuhi hewa inaingia ikiwa baridi, na chuma cha silinda nacho kinainyang'anya joto kabla halijafikia kiwango. Zaidi ya hapo oili imekuwa nzito na betri imepungua nguvu, kwa hiyo injini inazunguka polepole, na kadiri inavyozunguka polepole ndivyo joto linavyopata muda wa kutoroka. Mchana chuma bado kina vuguvugu la safari iliyopita, ndiyo maana huoni tatizo.

Plagi ya hita inasaidia vipi?

Ni kipande cha chuma chembamba chenye koili ndani, kimechomekwa kwenye silinda hedi, ncha yake ikiingia mahali mafuta yanapopuliziwa. Ukifungua switchi inapitisha umeme na ncha inaiva nyekundu. Za chuma hufika takribani nyuzi 850 hadi 1,000 za selsiasi. Za kauri kwenye injini mpya hufika karibu 1,300. Mafuta yanayoigusa au kupita karibu yake yanashika moto hata kama hewa yenyewe haijapata joto la kutosha.

Injini za zamani zenye chumba kidogo cha awali, kama 2L, 3L, 5L, 1HZ na 1KZ za Toyota na TD27 ya Nissan, zinaihitaji zaidi. Kile chumba kina kuta nyingi zinazofyonza joto. Injini ambazo mafuta yanapuliziwa moja kwa moja juu ya pistoni hazipotezi joto kiasi hicho, na baadhi huwaka hata plagi zikiwa zimekufa, ila kwa kelele na moshi.

Nilikuwa Dar es Salaam miaka yote bila tatizo. Nimehamia Njombe ndipo limeanza. Limeharibikia njiani?

Yaelekea plagi zilikufa siku nyingi, ila Dar hukuzihitaji. Kwenye joto la asubuhi la pwani injini nzima kiafya inaweza kuwaka bila plagi hata moja.

Piga hesabu. Tofauti ya nyuzi 27 nje, yaani kutoka 30 hadi 3, inakuwa takribani nyuzi 70 ndani ya silinda ya injini kama 2L baada ya hewa kubanwa. Hiyo ni tofauti kubwa. Kisha kuna mwinuko, ambao watu wengi wanausahau. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya bahari, na huko juu hewa ni nyepesi kwa takribani sehemu moja ya tano. Kitulo, kwenye mita 2,600, inapungua kwa robo hivi. Hewa ikiwa chache, mgandamizo ndani ya silinda nao unapungua na mafuta yanachelewa kushika moto. Kwa hiyo gari lililokuja kutoka pwani limepata mitihani miwili kwa mkupuo. Kabla ya kulilaumu gari au aliyekuuzia, pima plagi.

Nitajuaje kama tatizo ni plagi na si pampu, betri au kompresheni?

Anza na moshi. Mwambie mtu apige stata kwa sekunde kumi, wewe simama nyuma uangalie ekzosi.

Ukiona moshi mweupe au wa kijivu unatoka wakati stata inapiga, mafuta yanafika silindani lakini hayawaki. Kinachokosekana ni joto: plagi, kasi ya stata au kompresheni (mgandamizo wa hewa silindani). Usikubali mtu afungue pampu ya dizeli katika hali hiyo kabla ya kuvipima hivyo vitatu.

Usipoona moshi kabisa, mafuta hayafiki. Hapo plagi mpya nne hazitakusaidia. Kagua solenoidi ya kuzimia kwenye pampu (vali ya umeme inayokata mafuta), filta, na hasa hewa inayoingia kwenye mipira ya mafuta. Mpira uliokauka au oringi iliyochoka ya filta huruhusu hewa kuingia usiku, dizeli inarudi tangini taratibu, na asubuhi pampu inavuta hewa. Dalili hii inafanana sana na plagi mbovu kwa sababu nayo hutokea asubuhi tu. Njia ya kuitenganisha ni rahisi: kabla ya kuwasha, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Kama siku hiyo gari linawaka vizuri, tafuta panapoingia hewa.

Baada ya moshi, sikiliza mzunguko. Stata ikizungusha kwa kusuasua, pima betri. Ikiwa imepumzika usiku kucha inapaswa kuwa na volti 12.6 hivi, na wakati stata inapiga isishuke chini ya 9.6. Angalia pia waya wa athi kati ya betri, bodi na injini. Waya huo ulioota kutu umewafanya watu wengi wanunue betri mpya bure.

Kompresheni nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo ghali zaidi kuitengeneza, na kwa kawaida hujitambulisha yenyewe: gari linakula oili, linapumua sana kwenye mfuniko wa oili, na limepungua nguvu hata likiwa na moto.

Nazipimaje plagi?

Huhitaji kuzifungua. Legeza nati ndogo za juu, toa ule ukanda wa chuma unaoziunganisha zote, ili kila plagi ibaki peke yake. Ukanda usipotoka utakuwa unazipima zote kwa pamoja na majibu yatakudanganya.

Kwa testa ya taa: unga upande mmoja kwenye positivu ya betri, gusa kichwa cha plagi. Taa ikiwaka, koili haijakatika. Isipowaka, hiyo imekufa.

Kwa mita: weka kwenye omu, gusa kichwa cha plagi na chuma cha injini. Plagi nyingi nzima, zikiwa baridi, husoma kati ya nusu omu na omu mbili. Anza kwa kugusanisha nyaya za mita zenyewe ujue zinasoma kiasi gani, kisha utoe hicho kiasi. Kinachofaa zaidi ni kuzilinganisha: tatu zikisoma 0.8 na moja ikasoma 3, hiyo moja ina mashaka hata kama haijakatika.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni klampu ya kupimia ampia, ile inayoshika waya na kuweza kupima umeme wa moja kwa moja (DC). Ishike kwenye waya mkuu unaopeleka umeme kwenye ukanda, mwenzako afungue switchi. Plagi moja ya mfumo wa volti 12 huanza na ampia nyingi, kama 15 hadi 25, kisha ikipata joto inatulia kwenye 8 hadi 12 hivi. Injini ya silinda nne ikitulia karibu na 40, zote zinafanya kazi. Ikisoma 20, mbili zimekufa. Ikisoma sifuri, usifungue plagi yoyote. Tatizo liko kwenye fyuzi kubwa, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) au waya. Kwa nusu dakika umepata jibu la mfumo mzima.

Kuna wanaozifungua na kuziunga betrini ili waone zikiiva nyekundu. Inafaa kwa zile za volti 12, mradi ushike kwa koleo, uvae glovu na usizidishe sekunde chache. Ncha ndiyo inayopaswa kuanza kuiva. Ikianzia katikati au shingoni, koili yake imeharibika. Za kauri na za volti ndogo usizijaribu hivyo kabisa, zinaungua au kupasuka mkononi.

Taa ya koili kwenye dashibodi inawaka na kuzima kama kawaida. Si ina maana plagi ni nzima?

Hapana. Kwenye magari mengi ya zamani taa hiyo inaendeshwa na taima na sensa ya joto la maji. Inaweza kuwaka na kuzima kwa utulivu wakati plagi zote nne zimekatika. Kwenye magari mapya yenye kompyuta, taa hiyo ikianza kumweka wakati gari linatembea, mara nyingi inataja hitilafu ya injini, na hapo lipeleke likasomwe kwa mashine.

Nisubiri muda gani kabla ya kupiga stata?

Subiri taa izime. Gari jipya ni sekunde mbili hadi tano, la zamani laweza kufika 20 au zaidi. Asubuhi ya sakitu, ikizima rudisha switchi nyuma, fungua tena, subiri mara ya pili, ndipo upige stata. Usikae na switchi wazi dakika nzima ukidhani unaongeza joto. Rilei ilishakata na unamaliza betri tu. Zima taa kubwa, redio na feni. Klachi ikanyage mpaka chini, maana oili ya giaboksi nayo imeganda na stata inaiburuza.

Dukani wananiuliza volti ngapi. Si gari ni la volti 12 tu?

Hapa ndipo spea mpya nyingi zinapoungulia siku ya kwanza. Betri ni volti 12, lakini plagi inaweza kuwa imetengenezwa kwa volti 11, 6, 5 au hata chini ya hapo. Toyota, kwa mfano, waliwahi kutumia mfumo wa kupasha haraka wenye plagi za volti 6: rilei ya kwanza inazipa umeme wote kwa sekunde chache ziive upesi, kisha rilei ya pili inapitisha umeme kwenye rezista ili zisiungue. Ukifunga plagi za volti 6 kwenye gari lisilo na mpango huo zitakufa baada ya kuwashwa mara chache. Ukifanya kinyume, za volti 11 kwenye mfumo wa 6, zitakuwa vuguvugu tu na gari litaendelea kugoma. Land Cruiser nyingine na Canter ni za volti 24, nazo zina plagi zake.

Volti kwa kawaida imechapwa kwenye mwili wa plagi. Nenda dukani na plagi ya zamani mkononi, lakini usiiamini peke yake: aliyeifunga kabla yako huenda alikosea. Linganisha na namba ya injini, na ulinganishe urefu wa ncha. Ncha ndefu kuliko inavyotakiwa inaweza kugongwa na pistoni.

Feki zipo tele. Ubaya wake mkubwa si kufa mapema. Ncha ya feki ikiungua huwa inavimba, na ikivimba haitoki tena kwenye tundu lake bila kung'oa silinda hedi. Ukipata NGK, Denso, Bosch, Beru au HKT halisi kutoka duka unaloliamini, lipa hiyo tofauti ya bei.

Nimefungua plagi nikakuta ncha imeyeyuka. Nibadili tu?

Badili, lakini usiishie hapo. Plagi iliyokatika koili kwa uzee huwa na ncha nzima. Ncha iliyoyeyuka, iliyotoboka au kukatika inakuambia kuna moto uliokuwa ukiipiga. Nozeli ya silinda hiyo huenda inamwaga mafuta badala ya kupuliza ukungu, au taimingi ya pampu imetangulia mno. Peleka nozeli zikapimwe kwenye mashine. Sababu nyingine ni rilei iliyogandia, inayoziacha plagi zikiwaka safari nzima. Hilo ulipime kwa testa injini ikiwa inanguruma kwa dakika kumi: ukanda wa plagi usiwe na umeme tena.

Na kipande kilichokatika kiko wapi? Kama hakipo kwenye chumba cha awali, kimeingia silindani. Usiwashe injini mpaka kipatikane.

Plagi haitaki kufunguka. Nitumie nguvu?

Usitumie. Plagi ikikatikia ndani, kazi ya nusu saa inageuka kuwa ya kushusha silinda hedi. Pasha injini moto kwa kuiendesha, ukiweza, kisha mimina mafuta ya kulegeza kutu kwenye mzizi wake na uyaache, hata usiku mzima. Rudi siku ya pili, injini ikiwa na moto tena, zungusha kidogo kulegeza, rudisha kidogo kukaza, endelea hivyo kwa subira. Plagi nyembamba za injini mpya, zenye kipenyo cha milimita 8, hazihimili hata nusu ya nguvu ya mkono wa kawaida.

Ikitoka, safisha masizi kwenye tundu kabla ya kuingiza mpya. Anza kuikaza kwa vidole mpaka ikae, kisha kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Kwa plagi nyingi za Toyota za zamani inatosha Newton-mita 13 hivi. Nati ya juu ni ndogo sana, ikazwe kwa upole.

Fundi ameniwekea swichi ya kubonyeza badala ya taima. Kuna ubaya?

Kwa injini ya zamani yenye plagi za volti 11 na taima isiyopatikana, ni suluhisho la heshima likifanywa vizuri. Swichi iendeshe rilei, isibebe umeme wa plagi yenyewe. Ampia 40 na zaidi zikipita kwenye swichi ya dashibodi zitaiyeyusha, na kuna magari yameungua hivyo. Waya mkuu uwe mnene, milimita mraba 10, wenye fyuzi karibu na betri. Swichi iwe ya kubonyeza na kuachia, kamwe isiwe ya kubaki imewashwa. Kwenye mfumo wa volti 6 au injini ya kompyuta, katalia mbali.

Vipi ile dawa ya kupuliza kwenye filta ya hewa? Au kitambaa chenye petroli?

Kwenye injini yenye plagi za hita, usithubutu. Dawa hiyo ina etha, ambayo inashika moto kwa joto dogo kuliko dizeli. Ikikutana na ncha nyekundu inalipuka pistoni ikiwa bado inapanda. Matokeo ni ringi kuvunjika, pistoni kupasuka, wakati mwingine koneti (mkono wa pistoni) kupinda. Injini inaweza kuvumilia mara kadhaa ndipo ikasalimu amri, na hapo mwenye gari haunganishi tena chanzo na tokeo. Kitambaa chenye petroli ni hatari hiyohiyo, pamoja na uwezekano wa kukuunguza uso. Na wale wanaowasha moto wa karatasi au makaa chini ya karta (bakuli la oili chini ya injini): oili na dizeli inayovuja viko hapohapo juu yake.

Tukilisukuma?

Kwa gari la gia za mkono inasaidia kwa sababu injini inazunguka haraka kuliko stata iliyochoka. Tumia gia ya pili au ya tatu, uachie klachi taratibu. Kumbuka tu kwamba 2L, 3L, 5L na 1HZ zinatumia mkanda wa taimingi. Mkanda mzee ukishtuliwa kila asubuhi unaweza kuruka meno. Kusukuma kuwe kwa dharura, si ratiba ya Julai nzima.

Mbona matrekta mengi na malori makubwa hayana plagi hizi?

Silinda kubwa ina hewa nyingi ikilinganishwa na kuta zake, kwa hiyo hupoteza joto kidogo, na mafuta yanapuliziwa moja kwa moja. Penye baridi kali hutumia njia nyingine: hewa yenyewe inapashwa inapoingia. Massey Ferguson nyingi zenye injini ya Perkins zina kifaa kwenye manifoldi kinachodondosha dizeli kwenye koili ya moto na kutoa mwali mdogo. Ndiyo maana switchi yake ina nafasi ya hita kabla ya stata. Matrekta mengi huku kifaa hicho kimekatwa waya na mwenyewe hajui kama kipo. Kikague, ni cha bei nafuu.

Nichanganye mafuta ya taa kwenye dizeli ili isigande?

Kwa baridi ya Njombe au Makete, dizeli kuganda si mshukiwa wa kwanza. Maji kwenye filta ndiyo yanayosumbua zaidi, kwa hiyo yafungulie yatoke mara kwa mara. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na pampu inategemea dizeli hiyohiyo kujilainisha. Kwenye injini za kompyuta uharibifu unakuja haraka na bei yake inaumiza.

Niko Kanada (au Ujerumani, au Minnesota), asubuhi ni nyuzi 25 chini ya sifuri. Plagi zinatosha?

Hazitoshi peke yake. Huko dizeli ya kiangazi inatoa nta inayoziba filta, hivyo hakikisha tangi lina dizeli ya majira ya baridi kabla theluji haijaanza. Ujerumani vituo vinauza ile inayohimili nyuzi 20 chini ya sifuri kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Februari. Magari mengi ya Kanada yana hita ya injini inayochomekwa kwenye umeme wa nyumba. Saa mbili hadi nne kabla ya safari zinatosha. Tumia oili nyepesi, kama 5W-40 iliyoruhusiwa na mtengenezaji, na betri yenye nguvu ya kutosha.

Linawaka, lakini dakika ya kwanza linatetemeka na kutoa moshi mweupe, kisha linatulia. Nalo ni tatizo?

Ndiyo, na huu ndio wakati wa bei rahisi wa kulishughulikia. Mara nyingi plagi moja au mbili zimekufa: silinda zake zinachelewa kushika moto mpaka zipashwe na wenzake. Mifumo mingi ya sasa huziacha plagi zikiendelea kufanya kazi hata baada ya injini kuwaka, wakati mwingine hadi dakika tatu, ili kuzuia mtetemo huohuo. Wakati injini inatetemeka, dizeli isiyoungua inaosha kuta za silinda na kushuka kwenye oili. Pima zote. Kama zilifungwa kwa pamoja na moja imekatika kwa uzee, badili seti nzima, zihifadhi zile zilizobaki nzima kama akiba ya safari. Land Rover za zamani za Series zina plagi zilizoungwa kwa mfululizo, ikikatika moja zote zinakufa. Kwenye hizo kagua pia rezista na nyaya za kati kabla ya kununua chochote.